Jaribu Bila Kusakinisha

Mashine ilikataa watu wawili siku moja, na hilo ndilo lililomnyima raha Sajini Medius.

Wa kwanza kukataliwa alikuwa Emery, Mkongo wa Uvira aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale muda mrefu kiasi cha kuitwa mwenyeji, na ambaye sasa alikuwa nyuma ya mlango wa mahabusu. Kukataliwa kwake hakukumshangaza mtu. Kompyuta ile nyeusi ilipowashwa, kioo kilionyesha jina la Mackline kwa herufi nene, na Emery si Mackline hata umtazame umefumba jicho moja. Aliandika nenosiri lake, ikakataa. Konstebo Ezira, aliyekuwa zamu mezani, alicheka mpaka akajishika mbavu.

Wa pili alikuwa Mackline mwenyewe. Alikuja toka Mbarara, toka kambi ya jeshi kule Kakiika ambako mumewe ni koplo, amevaa viatu vya kanisani kwa heshima ya polisi. Akakaa, akaandika nenosiri lake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechambua mchele. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa tena, na machozi yakamlengalenga.

"Mwizi alibadilisha, nyabo," Ezira alimwambia mama yule, kwa heshima ya Kinyankore. "Hii kesi imekwisha."

Medius alikuwa mpelelezi wa siku nyingi, mwanamke mnene wa Kabingo mwenye ulimi wa kukwaruza, na kama kuna kitu alichokichukia kuliko kucheleweshewa chakula, ni kesi inayokwisha kabla yeye hajaielewa. Mwizi gani huyu, alijiuliza, anayebadilisha nenosiri halafu anaacha jina la mwenye mali linang'aa pale mbele? Ama ni mjinga wa kutupwa, ama hakubadilisha chochote.

Na muda haukuwepo. Kesho yake asubuhi gari lingekuja kuwachukua mahabusu kwenda mahakamani. Emery, mkewe Chantal na watoto wao walikuwa wamekwisha kupimwa afya na kuambiwa wafunge mizigo, waende Kanada. Jina la Emery likisomwa mbele ya hakimu, faili la safari linawekwa kando, na nani ajuaye litafunguliwa lini. Chantal hakuondoka pale kituoni tangu mumewe akamatwe. Alikaa ukutani na sufuria ya maharage iliyofunikwa kitambaa, haombi, halii, anangoja tu. Medius alipita mbele yake mara kadhaa na kila mara alijisikia vibaya.

Akamtoa Emery, akamkalisha kwenye benchi.

"Nieleze tena. Pole pole. Kompyuta ulitoa wapi?"

"Nilitoka nayo Uvira, mama afande. Ni ya kazi ya korali. Mi njo minakamataka sauti ya nyimbo za kanisa yetu, pale kijiji ya Nyu Kongo, ndani ya kambi. Fasi ya kuchajia ikaharibika, nikaipeleka Mbarara kwa fundi Jonan. Akatengeneza, akanirudishia. Kufika ku nyumba, nawasha, naona jina ya mama mwenye sijui."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga. Nikaogopa. Asubuhi nikasema nairudisha kwa fundi, njo polisi banikamata ku njia."

"Jonan anasema uliondoka dukani na mashine mbili. Yako, na ya huyu mama. Zote nyeusi, zote za kampuni moja."

"Apana. Alinipatia moja tu. Banasema nimeuza ingine. Niuze kwa nani?"

"Siku unaipeleka, Jonan alikuambia nini?"

Emery akakuna kichwa. "Alisifu disque yangu, ile diski ya ndani. Akasema, hii ni ya mbiyo sana, uliitoa wapi? Ndugu yangu alinitumia. Haina hata sauti. Ile ya zamani ilikuwa inalialia."

"Na ndani yake kuna nini?"

"Nyimbo. Nyimbo mingi. Iko moja mvua ilinyesha katikati, mabati inapiga kelele, mzee Appolinaire mwenye anatuongoza anakatisha watu, anasema, 'Tungojeye kwanza, Mungu njo anaimba.' Batu banacheka. Mukisikia ile, mutajua ni yangu."

"Hata mimi naweza kusema hivyo, afande," Ezira alidakia toka mezani. "Mvua, mabati, Mungu ndiye anaimba. Kila kanisa."

Medius akamrudisha Emery ndani, akamgeukia Mackline. Mama yule, kwa kuishi kambini na askari wa kila pembe, alikuwa amezoea Kiswahili kiasi kwamba hata Mnyankore mwenzake alimjibu kwa Kiswahili.

"Nyabo, kwa nini ulipeleka kompyuta kwa Jonan?"

"Ilikuwa nzito, afande. Unawasha, unaenda kupika chai, unakunywa, unarudi, bado inawaza. Nikasema aitazame. Kurudi, ananiambia Mkongo amekuja, amebeba yake, amebeba na yangu."

"Na hii hapa ni yako? Una hakika?"

"Jina si langu?"

"Sijauliza jina. Nauliza mashine."

Mackline akaigeuza huku na huku. "Nyeusi. Kampuni ni ile ile. Kompyuta ni kompyuta tu, afande."

Ilipogeuzwa, Medius aliona skrubu za chini. Vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo mipya, inayong'aa, na si karibu na tundu la chaji peke yake. Vyote. Alilisogeza hilo pembeni kichwani mwake, kwa matumizi ya baadaye.

"Sasa tuite fundi aweke mfumo mpya," alishauri Ezira. "Itafunguka mara moja."

"Na wewe tukikufungua kichwa tukakuwekea kipya, tutajua ulikuwa unafikiria nini?" Medius alimuuliza. "Hiki ni kielelezo. Hakuna mtu anayeongeza kitu wala kupunguza."

Akavuta mkoba wake, akapekua chini kabisa, chini ya pipi na pini na risiti zilizofifia, akatoa flashi ndogo ya kijani. Alipewa Kampala, kwenye mafunzo, na mwalimu mmoja aliyependa sana kusikika. Ndani ya flashi kulikuwa na mfumo endeshi wa bure, Linux, ule ambao watu wanaugawa kwa yeyote bila kumdai chochote. Mwalimu alisema: mnaichomeka, mnawasha mashine kutoka humo, na mashine inafanya kazi bila kuamsha mfumo wake yenyewe. Mnatazama diski kama mtu anayechungulia dirishani. Mkimaliza mnazima, mnachomoa, na diski inabaki ilivyokuwa. Medius aliandika yote, akaenda nyumbani, na flashi haikuwahi kuona jua. Kusema kweli alikuwa anaiogopa.

Leo udadisi ulishinda woga. Akaichomeka, akawasha, huku akibonyeza kitufe kimoja cha juu harakaharaka kama alivyofundishwa. Jina la Mackline halikutokea. Ilitokea orodha fupi kwenye kioo cheusi, na mistari miwili ya kwanza ilikuwa hii: jaribu bila kusakinisha, sakinisha.

"Usiguse meza," alimwambia Ezira, ambaye alikuwa amekuja kusimama nyuma yake na kumpumulia shingoni. "Nikiteleza kwenye huo wa pili, nimefuta kesi, na mimi nimefutwa kazi."

Akabonyeza wa kwanza kwa uangalifu wote. Mashine ikakaa kimya. Taa ya flashi ikawa inapepesa. Halafu kioo chote kikafunguka, buluu, safi, na vijipicha vimejipanga pembeni.

"Na jina la huyu mama limeenda wapi?" Ezira alinong'ona.

"Liko kwenye diski, limelala. Sisi hatujaliamsha."

Medius akajikuta anatabasamu. Akafungua hiki, akafunga kile. Kulikuwa na kikokotoo, kulikuwa na mahali pa kuchorea, kulikuwa na mchezo wa karata ambao Ezira aliomba wauguse kidogo tu, akanyimwa. Kitu cha bure, na kimekamilika hivi! Alijilaumu kwa kukibeba pamoja na pipi muda wote huo.

Kisha akarudi kazini. Akaifungua diski ya mashine kwa namna ya kusoma tu, isiweze kuandikwa. Papo hapo, ndani ya mashine iliyokuwa kimya, kitu kikaanza kukwaruza na kulialia kama mlango usiotiwa mafuta. Mafaili yakatoka moja moja, kwa uvivu.

Yalikuwa ya Mackline. Watoto wa Mackline mbele ya nyumba za askari. Mackline na koplo wake siku ya harusi. Kitinda mimba amepakwa keki usoni. Hapakuwa na korali, hapakuwa na wimbo hata mmoja.

"Basi," alisema Ezira, na safari hii hakucheka. "Basi, afande. Ni yake."

Medius alikuwa anataka Emery awe mkweli. Mpelelezi hatakiwi kutaka kitu, lakini yeye alitaka, na kupitia mlangoni alikuwa anaiona ile sufuria ya Chantal pale ukutani.

Akafungua ukurasa mtupu wa kuandikia. Hakuwa na la kuandika, ila mikono ilihitaji kazi. Akaandika jina lake, Medius Atuhaire, akaangalia kioo. Badala ya M ya kwanza kulikuwa na alama ya nukta-mkato. Na jina la pili lilikuwa limeharibika vibaya: kila alipobonyeza A, kioo kilimpa Q.

Akafuta. Akaandika tena, taratibu, akitazama kila kidole. Matokeo yale yale.

"Cha bure hicho," Ezira alisema. "Hata jina lako hakijui."

Medius hakusikia. Alikuwa anatazama vitufe. Akanyanyuka, akang'oa kibodi ya kompyuta kuukuu ya ofisini pamoja na vumbi lake, akaja kuilaza kando ya mashine ile nyeusi. Kwenye kibodi ya ofisi, Q ilikuwa juu kushoto, A chini yake. Kwenye mashine, A ndiyo ilikuwa juu na Q chini. M ilikuwa imehama kabisa, imekwenda kukaa ubavuni mwa L.

"Mlete Emery."

Emery akaletwa, akaelekezwa kiti. Alipoambiwa aandike jina la kanisa lake, vidole vyake vilikimbia bila yeye hata kuinama kuvitazama.

"Hizi herufi mbona ziko hivi?" Medius aliuliza.

"Ni ya Kifaransa, mama afande. Kwetu Congo zote ziko hivyo. Ya Uganda njo inanisumbuaka."

Flashi ya Medius haikujua kama imechomekwa kwenye mashine ya Wafaransa. Ilidhani vitufe vyote duniani vimepangwa Kiingereza, ndiyo maana ikampa herufi za mahali, si za kwenye kitufe. Na mfumo wa Mackline, ule uliolala kwenye diski, nao bila shaka ulidhani hivyo hivyo.

"Nyabo Mackline, njoo hapa. Niandikie nenosiri lako kwenye huu ukurasa."

"Lakini ni siri, afande."

"Utaweka lingine baadaye. Andika kama ulivyoandika mwanzo."

Mackline akachambua mchele wake. Nenosiri lilikuwa jina la kitinda mimba wake, Arthur. Akainua uso kwa fahari, akaona kioo, akakunja uso. Kilichoandikwa pale kilianza kwa Q.

"Mimi sikuandika hii."

"Hukuiandika. Lakini kule mwanzo vilikuwa vidoti tu, hukuweza kuona. Sasa sahau hii mashine. Fumba macho. Uko kwako, kompyuta yako iko mezani, unataka kuandika jina la mtoto. Kidole kinaenda wapi?"

Mackline akafumba macho, akanyoosha kidole hewani, kikatua kwenye Q. Akafumbua. Akatazama kitufe, akamtazama Medius, akamtazama Emery kwa mara ya kwanza kama mtu.

"Picha ni zangu," alisema pole pole. "Lakini hii si kompyuta yangu."

Ezira alivua kofia akaiweka mezani.

"Sasa sikilizeni," alisema Medius. "Emery, hii ilikuwa inalialia hivi?"

"Hapana. Yangu haina sauti."

"Kwa hiyo kiwiliwili ni cha Emery, diski ni ya mama Arthur. Mtu amefungua skrubu zote akahamisha. Na ni mtu gani alikuwa na mashine zote mbili mezani na bisibisi mkononi?"

"Fundi," alijibu Ezira. Halafu, kwa kuwa hakuwa mjinga alipoamua kufikiri, akaongeza, "Na ile disque ya mbio, iko wapi?"

"Ndiyo ninayoiendea. Wewe mrudishe Emery ndani, ukae hapa na simu."

Barabara ya kupita Kabingo ilikuwa na vumbi na malori ya ndizi, na Mackline aliukumbatia mkoba wake njia nzima kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya polisi. Walipokaribia Mbarara tu ndipo alipouliza, "Yule mama wa maharage, ni mke wake?" Medius akaitikia. Mackline akatazama nje.

Duka la Jonan lilikuwa chumba kimoja chembamba, simu zilizopasuka vioo hadi dari. Jonan mwenyewe, kijana nadhifu mwenye miwani, aliwasalimia kwa Kinyankore, kwa heshima zote. Medius akamjibu kwa Kiswahili, lugha ambayo polisi wa Uganda huitumia wanapotaka mtu ajue kwamba hii si ziara.

"Mkongo amekubali?" Jonan aliuliza.

"Bado. Ile nyeusi pale rafuni ni ya nani?"

"Hiyo? Ni yangu, afande, ya kuuza. Lakini ni tupu. Nilikuwa naiwekea mfumo mpya, umeme ukakatika. Haiwaki."

"Ishushe."

Vitufe vilikuwa vya Kiingereza, Q juu, A chini. Mackline akapitisha kidole ukingoni mwa mfuniko, akasimama mahali palipoyeyuka kidogo. "Hapa pasi iligusa," alisema. "Nilimpiga mtoto siku hiyo."

"Zote zinafanana, madam," alisema Jonan. "Na nimesema, haina kitu. Nilifuta."

"Basi hutaumia nikijaribu."

Medius akachomeka flashi ya kijani. Safari hii alikwenda moja kwa moja: jaribu bila kusakinisha. Buluu ikafunguka. Jonan alitabasamu kama mtu anayejua mashine haina la kusema, mpaka Medius alipoifungua diski. Ilifunguka kufumba na kufumbua, wala haikutoa sauti.

Diski ilikuwa imegawanywa vyumba viwili, kama wanavyogawa mafundi wote huku kwetu: C ya mfumo, D ya vitu vya mwenyewe. Kila mtu aliyewahi kununua kompyuta kuukuu ameambiwa aweke vyake kwa D, ili mfumo ukiharibika fundi asafishe C na asiguse kingine. C ilikuwa nusu uchi, mfumo mpya umekatikia njiani. D ilikuwa imejaa. Juu kabisa kulikuwa na folda iliyoitwa Korali.

Jonan akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Folda haikuondoka.

"Nilifuta," alisema, sasa kwa sauti ya kujiuliza mwenyewe.

"Ulifuta C," Medius alimwambia. "D uliiruka, kama unavyoiruka kwa kila mteja. Mkono ulifuata mazoea, hukuukumbusha kwamba leo unaiba."

Akaanza kufungua nyimbo, moja baada ya nyingine. Kinanda, ngoma, akina mama. Akaruka, akafungua nyingine. Kwenye ule wa chini mvua ilianza kwa mbali, ikaja, ikapiga mabati mpaka sauti za watu zikazama, na mzee mmoja akasema karibu kabisa na kinasa sauti, bila haraka: "Tungojeye kwanza. Mungu njo anaimba." Watu wakacheka.

Medius alisimamisha. Macho yalikuwa yanamwasha, na hakujali nani anaona.

"Kwa nini ukampa yeye diski ya huyu mama?" aliuliza.

Jonan alitazama sakafu. "Ya Kifaransa nani ananunua Mbarara? Nilitaka kiwiliwili cha Kiingereza na diski ya mbio. Vilivyobaki nikaviunganisha. Nilijua jina likionekana, hakuna atakayemsikiliza mkimbizi."

Mackline akamwambia jambo kwa Kinyankore, fupi, la chini, na masikio ya Jonan yakawaka. Dereva wa pikapu akaingia na pingu.

Medius akapiga simu kituoni.

"Ezira, mpe Emery simu."

Akasikia hatua, simu ikipenyezwa mahabusu, kisha pumzi ya mtu anayeogopa kuuliza. "Mama afande?"

"Nimeipata. Kesho hupandi lile gari."

"Nyimbo ziko?" Emery aliuliza.

Badala ya kujibu, Medius aliuweka wimbo uendelee pale uliposimama na kuielekeza simu kwenye spika. Mvua ilikuwa imekatika. Mzee Appolinaire alihesabu, na korali ikaingia yote kwa pamoja, ikajaza chumba kile chembamba mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. Mackline alisimama na viatu vyake vya kanisani, mkono juu ya alama ya pasi, akitikisa kichwa taratibu kufuata ngoma.

Wimbo ulipofika katikati, sauti ya Ezira ikarudi kwenye simu, imechanganyikiwa.

"Afande, huyu mtu anaimba. Na mke wake huko nje amesikia, naye anaimba. Nifanye nini?"

"Waache waimbe," alisema Medius. "Lakini fungua mlango kwanza."